Baba Yangu, Mtu wa Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa rula ya mbao, buti za mpira ambazo zote mbili zilikuwa za mguu wa kushoto, na Mzee Magesa. Rula ilikuwa ya kupimia matundu ya nyavu. Buti zilikuwa za kuingilia ziwani. Mzee Magesa alikuwa wa kunieleza kwa nini rula na buti havitatosha.

Nyinyi vijana mliobaki ofisini mmeniomba niandike machache kuhusu kazi ya uvuvi enzi zetu. Ya vyeo nitayaruka. Vyeo vyangu vilikuja kama basi la Mwanhuzi wakati wa masika, yaani vilikuja wakati abiria ameshakata tamaa na kurudi nyumbani. Nitaandika yale ninayoyakumbuka bila kujilazimisha.

Nilipangiwa mwalo mmoja, yaani ufuko wa kushushia samaki, jirani na Nyashimo. Mkoa wa Simiyu ulikuwa bado haujazaliwa. Nyashimo ilikuwa ya Mwanza, na kwetu Bariadi ilikuwa ya Shinyanga, kwa hiyo serikalini nilihesabika kuwa nimehamishiwa mkoa mwingine. Ukweli ni kwamba kuku aliyepandishwa gari kwetu asubuhi alifika kwangu mchana akiwa bado na hasira ya kufungwa miguu.

Watu wa mwaloni waliniita Bwana Samaki, kama walivyomwita kila ofisa wa uvuvi. Niliwaambia mimi ni mwanamke. Wakalijadili jambo hilo kwa uzito unaostahili, kisha wakaanza kuniita Bwana Samaki Minza.

Mzee Magesa alikuwa Mjita mfupi, mwenye mikono mipana kama makasia, na alikuwa msaidizi wa ofisi tangu kabla sijazaliwa. Alinifundisha kutazama watu kabla ya kutazama nyavu. "Mvuvi anayekusalimia mara moja ana wavu halali," alisema. "Anayekuuliza habari za mama yako ana kokoro." Kokoro ni ule wavu wa kuburuta uliopigwa marufuku, unaozoa hata samaki waliozaliwa jana. Nimestaafu sasa, na hadi leo mtu akiniulizia mama yangu mapema mno natazama nyuma ya mgongo wake.

Kesi ya kwanza iliyonishinda ilikuwa ya mama mmoja mjamzito aliyepita mbele yetu akitembea kwa taabu, mkono kiunoni. Mimi nilimwonea huruma na kumpisha njia. Mzee Magesa aliitazama ile mimba kwa muda, kwa sababu ilikuwa na kona. Yule mama alipofika karibu na gari, boya la wavu likadondoka kutoka chini ya kanga na kubingirika hadi miguuni petu. Mzee Magesa akaliokota, akampa kwa heshima zote. "Mama," akasema, "umeangusha sikio la mtoto." Yule mama alianza kucheka mwenyewe, akaishiwa nguvu, na kokoro lote likamalizikia mchangani.

Basi, ikaja miaka ya ruksa na soko huria. Ghafla magari ya barafu yakawa yanapanga foleni mwaloni kutafuta sangara, samaki ambaye awali wazee walimwona ana mafuta mengi kuliko adabu. Kwetu Bariadi wakaja wanunuzi binafsi wa pamba, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu. Mitumba ikamwagwa gulioni. Kila mtu alikuwa anakwenda kuwa kitu kingine. Fundi baiskeli alikuwa anakwenda kuwa mwenye duka, mwenye duka alikuwa anakwenda kuwa mwenye lori. Na baba yangu, Mzee Luhende, mkulima wa pamba na mfugaji aliyeheshimika, akaamua kuwa nahodha.

Habari hizo aliniletea mama. Alifika ofisini kwangu siku ya kazi, akiwa na kuku na uso uliokunjamana.

"Mwadila, mayu," nilimsalimia kwa Kisukuma.

"Mhola," alijibu, kwamba ni salama, ingawa uso ulikataa. "Minza, baba yako anauza zizi lote."

"Ng'ombe wote?"

"Wote. Amesikia habari za sangara. Anataka mtumbwi mkubwa, injini, nyavu na watu wa kumwamkia. Anasema sisi ni watu wa maji."

"Watu wa maji gani? Baba hajawahi hata kuoga kwenye lambo."

"Lambo analiogopa. Ng'ombe wakinywa, yeye anasimama mbali anawapigia mluzi."

Tungecheka, ila ng'ombe wale walikuwa na kazi. Kaka yangu Shija alikuwa amechumbia, na mazungumzo ya mahari yalikuwa yameisha vizuri, kwa soda na kushikana mikono. Wakwe walikuwa wanasubiri ng'ombe. Nahodha akiingia ziwani, Shija anabaki kapera, na sisi tunabaki na aibu ambayo kwetu haitoki hata kwa sabuni ya kipande.

Chanzo cha yote kilikuwa babu yake baba, aliyeitwa Malimi. Tangu tukiwa wadogo baba alitusimulia kwamba Guku Malimi, kwa maana ya babu Malimi, alikuwa nahodha mkuu wa mtumbwi uliovusha karanga na majembe hadi Ukerewe. Akisema neno, upepo unatulia. Kiboko akimwona anapisha. Kila mavuno ya pamba yalipokuwa mazuri mtumbwi ule uliongezeka urefu, na mwaka mmoja wa mavuno makubwa ulipata ghorofa.

"Mama," nilisema, "kumkatalia hakutasaidia. Mleteni Jumamosi. Mje wote kama matembezi ya familia, aone maji kwanza."

"Na akiyapenda?"

Nilimpokea kuku.

Jumamosi walishuka kutoka kwenye pikapu ya mnunuzi mmoja wa pamba, rafiki wa baba, aliyekuwa na shughuli zake Nyashimo. Wa kwanza kushuka alikuwa Shija, amenuna kama mtu aliyeletwa polisi. Wa pili mama, amekumbatia mto mnene alioushona mwenyewe na kuujaza pamba ya shambani, kwa sababu alisema hataki kukalia ubao wenye magamba ya samaki. Wa tatu alikuwa kondoo mweusi. Wa mwisho alikuwa baba.

Alikuwa amevaa koti la mitumba, zito, la buluu, lenye vifungo vya shaba na kamba za dhahabu mabegani. Jua la kwetu mnalijua. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi viatuni, lakini kifua kilikuwa mbele.

"Hili ni koti la manahodha wa Ulaya," alinitangazia.

Mzee Magesa alilizunguka lile koti polepole, akasoma maandishi yaliyoshonwa mgongoni kwa uzi wa njano. Alikuwa anajua Kiingereza kidogo. Akaninong'oneza, "Ni la mlinzi wa mlango wa hoteli." Tulikubaliana kimya kimya kwamba hilo halimhusu mtu.

"Baba, na huyu?" niliuliza, nikimwonyesha kondoo.

"Ni wa Guku Malimi. Huwezi kurudi kwa babu mikono mitupu. Nitamchinjia majini, palepale kwenye njia yake."

"Na nyama tutakula?" Shija aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

Kabla ya kufika kwenye mitumbwi tulipita penye banda la Bibi Nyamisi, mama yake Mzee Magesa. Alikuwa kikongwe aliyekausha samaki kwa moshi maisha yake yote, hadi yeye mwenyewe akawa na rangi yao na, nadhani, uwezo wao wa kutoharibika. Alikuwa haoni vizuri, lakini alikuwa anasikia kile alichotaka. Mzee Magesa akamwambia hawa ni wageni wa Bariadi, ukoo wa Malimi aliyekuwa mtu wa ziwa zamani.

Bibi akaacha kupepea moto. "Malimi? Malimi wa kibuyu?"

"Malimi nahodha," baba alisahihisha, akivuta koti.

"Nahodha alikuwa mtu mwingine. Mimi nilikuwa msichana, niliwaona. Malimi alikaa katikati na kibuyu kilichokatwa. Mtumbwi ukiingiza maji anachota, anamwaga. Anachota, anamwaga. Kwenda Ukerewe na kurudi. Halafu anaimba." Akatafuta neno. "Vibaya."

Shija akatoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Huyo ni Malimi mwingine," baba alisema.

"Sogea," alisema Bibi Nyamisi. Baba akasogea. Kikongwe akanyanyua mikono, akamshika masikio yote mawili, ambayo katika ukoo wetu ni makubwa na yanatazama mbele. Akayapima taratibu, kama mimi nilivyokuwa nikipima wavu. "Ndiye yuleyule," akahitimisha, akarudi kwenye moto wake.

Ningekuwa mimi ningeomba chai, nikarudi nyumbani. Baba hakuwa mtu wa namna hiyo. Shingo ilizidi kunyooka. "Nipeni mtumbwi," alisema. "Maji yenyewe yatasema."

Tukaingia kwenye mtumbwi wa mbao wa rafiki yake Mzee Magesa, mtumbwi wa makamo, wenye wapiga kasia wawili. Mzee Magesa alikaa nyuma na kasia la kuongozea. Mama akaweka mto wake katikati, akaketi kama yuko kanisani. Shija alishika kondoo, au kondoo alimshika Shija. Katika sisi wa Bariadi hakuna aliyejua kuogelea isipokuwa mimi na kondoo, na la kondoo tulikuwa bado hatujalijua.

Baba alisimama mbele. Tulipoacha mchanga alinyoosha mkono kuelekea Ukerewe na kusema, "Lolaga!" yaani tazameni. Tukatazama. Wimbi moja, dogo, lisilo na nia mbaya na mtu, likapita chini ya mtumbwi. Baba akakaa. Hakukaa kwa hiari, ila alijitahidi ionekane hivyo.

"Hapa ndipo njia ya babu?" Mzee Magesa aliuliza baada ya muda kidogo. Tulikuwa tunapita pembeni mwa matete.

"Mbele kidogo," baba alijibu bila kufungua meno. Rangi ilikuwa imemtoka, na vifungo vya shaba vilikuwa vinang'aa kuliko uso.

Hapo kiboko akapumua. Hakuwa karibu sana, na wala hakuwa na habari na sisi. Alitoa tu kichwa upande wa pili wa matete, akapuliza pua kama lori la pamba linaloshika breki, akazama. Kwa mvuvi hiyo ni salamu. Kwa kondoo wa Bariadi ilikuwa mwisho wa dunia. Aliruka juu, akamkanyaga Shija tumboni, akatua kwenye sakafu ya mtumbwi kwa kwato zote, akaruka tena, na safari hii akapita juu ya bega la dhahabu la baba na kuingia ziwani.

"Babu amempokea!" baba alipiga kelele.

"Babu hajampokea, anaogelea," alisema Shija. Na kweli. Kichwa cheusi kilikuwa kinakata maji kuelekea ufukweni kwa mwendo ambao sijawahi kuuona hata kwa wavuvi waliokuwa wakinikimbia mimi.

Ndipo nikahisi unyevu kwenye vidole. Kwato za kondoo zilikuwa zimeng'oa uzi wa kuzibia kwenye maungio ya mbao, na maji yalikuwa yanapanda kwa nguvu kama bomba lililopasuka. Mimi ndiye niliyewaita hapa. Nilimtazama baba na lile koti zito, nikajua likilowa litamvuta chini kama jiwe.

"Pamba!" Mzee Magesa aliita. "Nani ana kitambaa, ana chochote?"

Mama aliinuka, akashika mto wake kwa meno, akapasua mshono kwa mvuto mmoja, akaanza kumpa Mzee Magesa pamba kwa mafungu, safi, nyeupe, ile ambayo wanunuzi wote wa soko huria wangeiita daraja la kwanza. Mzee Magesa alipiga magoti na kuisindilia kwenye ufa kwa ncha ya kisu. Lakini maji yaliyokwisha kuingia yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, na mtumbwi ulikuwa umeshaanza kuwa mzito.

Chini ya ubao palikuwa na kopo la mafuta ya kula lililokatwa mdomo. Nilinyoosha mkono kulichukua. Mkono wa baba ulitangulia.

Sijui niseme nini kuhusu kilichofuata, ila kwamba niliona. Baba alipiga magoti katikati ya mtumbwi, akavua koti akalitupia huko, akaanza kuchota. Anachota, anamwaga. Hakuwa anatazama ziwa, wala matete, wala kiboko. Kichefuchefu kilimwisha. Mkono ulikwenda na kurudi bila kugonga ubao hata mara moja, maji yakatoka yote bila kumrudia mtu, na wapiga kasia wakajikuta wanafuata mwendo wake. Halafu, Mungu ni shahidi, akaanza kuimba. Aliimba wimbo wa kulimia pamba, kwa sauti ambayo nadhani ilimhamisha hata kiboko.

Tulipofika ufukweni watu walikuwa wamejaa. Kondoo alikuwa ameshafika na alikuwa anakula maganda ya ndizi. Bibi Nyamisi alikuwa ametoka bandani, mkono sikioni.

"Sauti hiyo!" alisema. "Malimi amerudi!"

Baba alibaki ndani ya mtumbwi uliokwisha kukauka, kopo mkononi, suruali imelowa hadi mapajani. Mwenye mtumbwi alimsogelea na kumwambia, kwa adabu kabisa, kwamba mchota maji wake ni mvivu, na kama mzee ana nafasi msimu ujao, asimsahau.

"Nitafikiri," baba alijibu. Sijawahi kumwona amefurahi vile.

Kondoo hakuchinjwa. Baba alisema mnyama aliyekataliwa na mababu na maji pia hapaswi kulazimishwa. Walirudi naye Bariadi, na hakukuwa na mtu aliyezungumzia injini tena. Ng'ombe walikwenda kwa wakwe wa Shija kama tulivyoahidi, wakasindikizwa kwa nyimbo.

Siku ya harusi nilichukua likizo. Ilipofika zamu ya wazee kueleza koo zao, tuliinamisha vichwa, maana tulijua kinachokuja. Baba alisimama. Koti hakulivaa.

"Sisi ni watu wa maji," alianza. Shija alifumba macho. "Babu yangu Malimi alikuwa akiyatoa. Mtumbwi ukiingiza maji, yeye anayatoa. Nahodha awe hodari namna gani, asipokuwepo wa kuyatoa ni chakula cha samaki. Nimemaliza."

Kisha baba yake bibi harusi, ambaye wakati wa mahari alitueleza kwamba babu yake alikuwa mshauri mkuu wa mtemi, akasimama, akakohoa. "Na mimi niseme ukweli, kwa kuwa sasa sisi ni ndugu," alisema. "Babu yangu kazi yake ilikuwa kufukuza nzi kwenye chakula cha mtemi. Lakini alikuwa anakaa karibu naye sana."

Ikawa kama mlango umefunguliwa. Mjomba mmoja akasema yule babu yao mwinda simba alikuwa akiwinda panya, ila panya wakubwa. Mwingine akasema wao waliitwa wafua chuma lakini babu alikuwa wa kushika mbuzi wa mfua chuma asile mkaa. Watu walicheka hadi wapishi wakaja kuona kuna nini. Sijawahi kuona koo mbili zikiungana haraka hivyo.

Baba, amelewa furaha, akamgeukia mama. "Na wewe, Nkwimba? Ukoo wako? Sema na wewe."

Mama alikuwa anapukuta unga mikononi. "Sisi?" alisema. "Babu yangu alikuwa nahodha."

Kicheko kikakatika.

"Nahodha wa nini?"

"Wa mtumbwi. Huko huko Nyashimo. Na baba yake vilevile, na ndugu zake. Wengine walizama. Waliobaki ndio wakaja Bariadi kulima."

"Yaya!" baba alikataa kwa Kisukuma, macho yamemtoka. "Mwanamke, tumekaa wote miaka yote hii nikikusimulia habari za maji! Mbona hukusema?"

"Ningesema saa ngapi, Baba Shija?" mama alimjibu kwa upole. "Ulikuwa unaongea."

Akarudi jikoni. Nilimfuata. Alikuwa amesimama juu ya sufuria kubwa la ugali wa wageni, mwiko mrefu mikononi. Nikamwuliza kama alifundishwa kitu chochote cha ziwa na huyo babu.

Alitanua miguu, akakunja magoti kidogo, akaushika mwiko juu kwa mkono mmoja na chini kwa mwingine, akauzamisha na kuuvuta kwa mgongo mzima, akaugeuza kidogo mwishoni ili ubapa usipige, kama wafanyavyo wapiga kasia wazuri wa mwaloni kwangu na wachache sana wengine. Ugali ukazunguka wote kwa mkupuo mmoja. Akauvuta tena, na tena, macho yakitazama mbali kupita ukuta wa jiko, mpaka mvuke ukamfunika uso.

Kisha akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria.

"Lete sahani," alisema. "Tumefika ng'ambo."